Unyaufu

Ukumbi wa kata uliezuliwa na tufani,
na mabati yake bado yanakaa kwenye bajeti,
basi mkutano wa maoni ukaletwa ghalani.
Mingoyo, mwezi wa nane. Ghala tupu,
sakafu nyeusi kwa mafuta ya maganda,
na harufu ile ya korosho
inayoshika shati hata ufue mara tatu.

Mimi ni karani wa mizani.
Miaka kumi na tisa napima magunia.
Siku hiyo nikaombwa nipokee maneno.
"Kazi ni ileile," alisema mtendaji,
"linaingia, unaandika."

Wageni watatu, gari jeupe, katoni za maji.
Sera ya tabianchi. Nishati safi.
Wakabandika chati ukutani:
mishale ya kijani inapanda kuelekea mwaka hamsini,
na nzi mmoja akaifuata,
akafika kabla yetu.

Akasimama Chinguile:
"Mvua imenyesha juu ya maua. Mwezi wa nane!
Nimepuliza salfa, salfa imeoshwa, deni halikuoshwa."
Nikaandika: *Mkulima amethibitisha mabadiliko ya hali ya hewa.*

Akasimama Likwata wa mkaa,
akakohoa kwanza, kikohozi kirefu
ambacho fomu haikukiwekea nafasi.
"Mnasema niache. Kifua changu kilisema kabla yenu.
Lakini niambieni Jumatatu nafanya nini.
Si mwaka hamsini. Jumatatu."
Afisa akaniinamia sikioni, kwa upole,
nami nikaandika: *Wadau wanaomba elimu zaidi.*

Kisha Asumini Nampota, muuza ming'oko,
hakusimama. Magoti.
"Bomba la gesi limepita nyuma ya choo changu.
Usiku nalisikia likivuma.
Hapana, nadanganya, silisikii. Ila najua linapita.
Mimi mtungi naununua dukani,
na ming'oko haiivi kwa huruma, inataka moto wa saa nzima."
Afisa akaeleza: gesi ya mtungi si ile ya bomba, mama,
ya mtungi inatoka ng'ambo, kwa meli.
"Kumbe!" akasema.
"Yangu inakwenda kwa watu, ya watu inakuja kwangu,
na njiani wote wanakula nauli."
Ghala likacheka mpaka popo wakahama boriti.
Afisa naye alicheka. Hicho sikukiandika,
na sasa najuta.

Nieleze jambo la kazi yangu.
Korosho ikilala ghalani hupungua uzito.
Si wizi. Ni maji yanatoka.
Tunaita unyaufu, na kanuni inauruhusu, kwa kiasi.
Lakini mimi najua ghala ambalo kila usiku
unyaufu huondoka kwa baiskeli.

Saa kumi wakafunga kablasha.
"Maoni yenu yamepokelewa."
Asumini akainua mkono, safari hii na kiwiliwili.
"Nikileta korosho hapa napewa stakabadhi.
Leo nimeleta neno. Stakabadhi yangu iko wapi?"

Afisa akatazama saa. Mtendaji akatazama afisa.
Watu wakanitazama mimi,
mwenye kitabu, mwenye kalamu, mwenye muhuri.

Walipoondoka, vumbi likiwa bado barabarani,
nililaza daftari la maoni juu ya mizani.
Mshale haukutikisika.
Mizani yangu imetengenezwa kwa magunia, nikajiambia,
lakini nilijua nimekwisha kulikausha
kwa mkono wangu mwenyewe.

Nikafungua kitabu cha msimu, ukurasa safi, nakala mbili:
*Imepokelewa kutoka kwa Asumini Nampota
hoja moja, ghafi, daraja la kwanza.
Uzito: kama ilivyotoka kinywani.
Unyaufu: haukubaliki.*
Nikagonga muhuri wa chama, jambo ambalo si halali.

Aliisoma polepole, akitembeza kidole,
akanisahihisha herufi moja ya jina la baba yake,
akaifunga kwenye pindo la kanga pamoja na chenji.

Hajaja bado kudai.
Lakini nasikia ameulizia
ofisi ya wilaya inafunguliwa saa ngapi.